Linalia Likifika 80

Leo nimekuja na jambo la gereji, lakini naomba hata asiye na gari asizime redio, kwa sababu abiria naye ana masikio, na mara nyingi abiria ndiye husikia kwanza.

Gari linakwenda vizuri. Injini haitoi moshi, breki zinashika, usukani umetulia. Lakini mshale ukifika 70 linaanza kulia, sauti nyembamba inayotoka mahali usipopajua. Ukifika 80 mlio umekolea mpaka watu ndani ya gari wanaongea kwa kupaza sauti. Ukipita 90 kumenyamaza. Ukirudi chini, mlio uko palepale ulipouacha.

Anayesumbuka zaidi na jambo hili ni mwenye Toyota HiAce, hasa yule aliyetoa viti vya abiria akaweka kitanda, kabati, jiko la gesi na madumu ya maji, ili apate gari la kulala safarini. Magari ya namna hiyo yanapita hapa kwetu Morogoro: wageni wanaokwenda Hifadhi ya Mikumi, watafiti wanaopanda milima ya Uluguru, na familia za hapahapa zinazopenda kulala porini mwisho wa wiki. Viti vya sponji na abiria kumi na kitu humeza sauti. Ukiviondoa, bati la bodi linabaki tupu, na kila kinachotetemeka chini kinapanda juu kikiwa kimekuzwa. Ndiyo maana mtu ananunua gari la daladala lililokuwa kimya, analigeuza nyumba, kisha anaanza kusikia mlio ambao pengine ulikuwepo siku zote.

Msimamo wangu nausema mapema. Mlio wa namna hii usishikiwe spana kabla hatujajua unafuata nini. Na fundi anayeutafuta alipwe kwa kuutafuta, hata kama mwishoni hakubadilisha spea yoyote.

Kuna vitu vinne ambavyo mlio unaweza kuvifuata: mizunguko ya injini, mwendo wa magurudumu, mguu wako kwenye mafuta, au upande ambao gari limeegemea. Kazi yote ya uchunguzi ni kutenganisha hivyo vinne, kimoja kimoja, bila haraka.

Tuanze na injini, kwa kuwa ndiyo rahisi. Simamisha gari, vuta breki ya mkono, weka nyutro, kisha kanyaga mafuta taratibu mpaka mizunguko ifikie ile uliyokuwa nayo barabarani ulipousikia mlio. Ukilia hapo ukiwa umesimama, achana na difu, yaani gia za ekseli ya nyuma, achana na matairi. Tafuta kwenye mikanda, altaneta, pampu ya maji, pampu ya stelingi. Zungusha usukani mpaka mwisho: sauti ikipanda, pampu ya stelingi inakuambia jambo, na pengine ni mafuta yake yamepungua tu. Fundi mzoefu huchukua bisibisi ndefu, akaegemeza ncha kwenye mwili wa altaneta na kipini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, akaisikia beringi ndani ikisaga. Ni kifaa kizuri mno kwa bei yake, ila shati lisilochomekwa na mikono mirefu vikae mbali na mikanda na feni.

Lisipolia likiwa limesimama, basi twendeni barabarani. Na hapa Morogoro tumebarikiwa barabara. Ukitoka Msamvu kuelekea Dodoma, ukishaziacha Kihonda na Mkundi nyuma, unapata vipande virefu vilivyonyooka kabla ya Dumila ambapo unaweza kushika 80 halali bila kumtisha mtu. Vijijini kuna vibao vya 50, na vibao hivyo si vya kupimia milio, ni vya kuheshimu. Barabara ya Iringa nayo ni nzuri mpaka unapokaribia Mikumi. Humo ndani ya hifadhi, ambamo barabara kuu inapita kwa takriban kilomita 50, usifanye jaribio lolote. Hifadhi hiyo ipo tangu mwaka 1964, na tembo, nyati na swala wake wanavuka lami bila kuangalia pande mbili. Dereva anayesikiliza mlio macho yake hayako barabarani vya kutosha.

Kwa hiyo nenda na mtu wa pili. Dereva aendeshe, mwenzake asikilize na aandike: mwendo gani, gia gani, mguu uko juu ya mafuta au umeachia. Simu inasaidia kurekodi, lakini isiaminiwe peke yake, kwa sababu simu zimetengenezwa kwa sauti ya mtu na hupunguza mivumo mizito. Karatasi yenye mistari michache iliyoandikwa vizuri inamsaidia fundi kuliko rekodi ndefu.

Sasa shika mwendo ule unaolia, tuseme 80, ukiwa gia ya tano. Kisha rudi gia ya nne kwa mwendo uleule. Injini imeongeza mizunguko, magurudumu hayajabadilika. Mlio ukibaki vilevile, unafuata magurudumu au vinavyozunguka pamoja nayo: propela shafti, difu, beringi za magurudumu, matairi. Ukitoweka kwenye gia ya nne na kurudi kwenye ya tatu na ya tano, angalia gia boksi. Kwenye gia boksi nyingi za magari yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, gia ya nne hupitisha nguvu moja kwa moja bila kupita kwenye meno ya shafti ya pembeni, kwa hiyo gia iliyolika hunyamaza hapo na kulalamika kwingine.

Halafu mguu. Ukiwa kwenye mlio, achia mafuta ghafla bila kugusa klachi. Difu iliyolika hubadilika papo hapo: inayolia ukikanyaga hunyamaza ukiachia, au inayonyamaza ukikanyaga huanza kulia ukiachia. Sababu ni kwamba meno ya gia yana pande mbili, upande wa kusukuma na upande wa kuzuia, na mara nyingi umeharibika mmoja zaidi ya mwingine. Beringi ya gurudumu haijali mguu wako uko wapi. Tairi nalo halijali.

Naomba mnivumilie kidogo na hesabu, kwa sababu inaeleza kwa nini mlio unachagua mwendo. HiAce yenye matairi ya 195R15, kila gurudumu likizunguka mara moja gari limesogea mita 2 na kitu. Kwa 80 kilomita kwa saa, gurudumu linazunguka kama mara 10 kila sekunde. Chukua difu yenye krauni, ile gia kubwa, ya meno 41 na pinioni, ile ndogo, ya meno 10, hesabu ambayo Toyota wameitumia sana. Mara 10 kwa meno 41, meno yanakutana zaidi ya mara 400 kwa sekunde. Mitetemo 400 kwa sekunde ni sauti ambayo mwanamke wa kwaya anaiimba bila kujinyoosha, na ndilo eneo ambalo sikio la binadamu linasikia vizuri. Ukiwa 40, mkutano huo unashuka mpaka mara 200, unazama ndani ya ngurumo ya injini. Kisha kila kipande cha chuma kina mtetemo wake wa asili: bomba la ekseli, propela shafti, bati la sakafu, hata ule mlango wa kabati ulilofunga mwenyewe. Mitetemo ya meno ikilingana na mtetemo wa asili wa kipande fulani, kipande hicho kinaitikia kwa nguvu. Ukiongeza mwendo mnaachana, kinanyamaza. Ugonjwa haujapona ulipofika 90. Umekosa tu wa kuitikia.

Hili la mwisho nalisisitiza, kwa sababu nimewasikia madereva wakishauriana, "Wewe pita ile tisini, itanyamaza." Itanyamaza, ndiyo, huku meno yakiendelea kusagana kwa kasi kubwa zaidi.

Nina mfano wa gari la nyumbani kwetu, HiAce iliyogeuzwa hivyohivyo. Lilikuwa likilia kati ya 65 na 80, na kila aliyelipanda alisema difu. Sauti ilitoka katikati, nyuma, chini ya kitanda, pale hasa difu ilipo. Gereji moja ikatupigia hesabu ya difu nzima ya mtumba, pamoja na ufundi. Mzee mmoja fundi, ambaye mikono yake imezoea malori ya mboga, hakufungua kitu. Aliomba tu tuendeshe. Akaachia mafuta: mlio palepale. Akaweka nyutro kwenye tambarare: mlio palepale. Kisha barabara ilipokuwa tupu mbele na nyuma, akaliyumbisha gari taratibu, kulia, kushoto, kulia, kushoto. Alipokata kulia sauti ilipanda. Alipokata kushoto ilififia.

Gari likikata kulia, uzito wake unaegemea magurudumu ya kushoto. Beringi ya nyuma kushoto ilikuwa imeanza kuchubuka, na bomba la ekseli lilikuwa linachukua sauti yake na kuipeleka katikati ya gari. Difu haikuwa na kosa. Fedha tuliyokuwa tuipeleke kwenye difu ingekwenda yote, na gari lingerudi nyumbani likilia vilevile, pengine likiwa na difu mbovu kuliko ile iliyotolewa.

Katika matairi nitatumia muda kidogo zaidi, kwa sababu ndiyo hushukiwa mwisho na ndiyo rahisi kupima. Tairi hubadilisha sauti kulingana na lami. Kwenye lami ya kokoto kubwa hunguruma, kwenye lami mpya laini hutulia, na ukiingia barabara ya vumbi mlio wake hupotea kabisa. Beringi na difu hazitambui lami imebadilika. Pitisha kiganja juu ya tairi, mbele na nyuma: ukihisi meno ya msumeno upande mmoja, au mabonde na vilima kila baada ya sentimita kadhaa, tairi limeliwa vibaya, na mara nyingi shokapu zilizochoka ndizo zimelila hivyo. Hamisha matairi ya mbele kwenda nyuma. Mlio ukihama nayo, umemaliza uchunguzi bila kununua kitu.

Na someni ubavu wa tairi. Magari yanayotoka Japani, hasa ya maeneo ya baridi, yanaweza kuja yamevaa matairi ya theluji, yameandikwa STUDLESS au SNOW. Mpira wake ni laini na umekatwa mistari midogo mingi ili ushike barafu. Kwenye lami ya Morogoro, mchana wa Januari, tairi hilo linaimba, linachemka na kuisha haraka. Mle mle ubavuni kuna tarakimu nne za tarehe: mbili za wiki, mbili za mwaka. Tairi lenye kashata nzuri linaweza kuwa na umri usiofaa kubeba familia.

Keria ya juu nayo huimba. Upepo ukikata kwenye bomba la keria au ukingo wa turubai, unapiga mluzi kwa mwendo fulani tu. Ishara yake ni hii: upepo ukiwa wa mbele, mluzi unaanza mapema, ukiwa wa nyuma, unachelewa. Funga ukingo kwa utepe wa gundi, au ishushe keria kwa siku moja, usikilize tofauti.

Sasa tupande mlimani, maana hapa ndipo mlio unapogeuka kuwa suala la uhai. Mji wetu uko takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Kimhandu huko Uluguru kinapita mita 2,600. Ukiiacha barabara ya Iringa pale Sangasanga, ukapita Mlali, ukaanza kupanda kuelekea Mgeta na Nyandira, gari lako halitafika 80 hata ukilibembeleza. Barabara inajipinda na kujipinda, upande mmoja ukuta wa udongo, upande mwingine bonde, na mbele yako linakuja lori limejaa kabichi, karoti na njegere za wakulima wa Kiluguru, zikiwahi soko. Kwa hiyo mlio ule wa tambarare hutausikia. Utadhani umeisha.

Lakini ile beringi inafanya kazi ngumu kuliko ilivyofanya kwenye lami. Kila kona inaielemea. Wakati wa kushuka breki zinachemka, joto linaingia kwenye habu, grisi inalegea. Kwenye gurudumu lenye breki ya diski, beringi iliyolika inaruhusu diski kuyumba, diski inazisukuma pedi ndani, na ukikanyaga breki inayofuata mguu unakwenda chini kuliko ulivyotarajia. Kwenye kona za kushukia Mlali hiyo si nafasi ya kujifunza. Ndiyo maana jaribio la tambarare lifanyike kabla ya safari ya mlima. Tena lile la kuweka nyutro gari likiwa linatembea lifanywe tambarare tu, kwa muda mfupi, na injini ikiwaka. Kwenye mteremko wa Uluguru gia ndiyo breki yako ya kwanza, usiitoe kwa sababu yoyote.

Upande wa pili wa milima, kwenye njia ya Mkuyuni, Matombo, Mvuha mpaka Kisaki, ambayo wengi sasa wanaipita kwenda Hifadhi ya Taifa ya Nyerere iliyoanzishwa mwaka 2019, adui ni maji. Masika, Machi mpaka Mei, mito na vijito vinavamia barabara. Difu iliyotembea muda mrefu imechemka. Ukiitumbukiza ghafla kwenye maji ya baridi, hewa iliyo ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia sili zilizochoka, au kupitia kile kipumulio kidogo juu ya ekseli kama kofia yake imepotea. Oili inageuka rangi ya chai ya maziwa. Inapoteza utelezi, meno yanaanza kuchubuka, na wiki chache baadaye mwenye gari anashangaa difu imeanza kulia bila sababu. Sababu ilibaki mtoni.

Meno ya difu za siku hizi yana mkao wa pekee, pinioni imeshushwa chini ya katikati ya krauni, mtindo ulioingia kwenye magari miaka ya 1920. Ulileta ukimya, lakini meno hayo husuguana kwa kuteleza sana, na yanahitaji oili yake, ile 80W-90 iliyoandikwa GL-5, si oili ya injini iliyobaki kwenye chupa. Unapokwenda kubadilisha, legeza kwanza boliti ya kujazia ndipo ufungue ya kumwagia. Kuna watu wamemwaga oili yote kisha boliti ya juu ikagoma, gari likalala gereji. Angalia sumaku kwenye boliti ya chini: uji mweusi laini kama vumbi la penseli ni uchakavu wa kawaida, vipande vinavyoshikika kwa kucha ni meno au beringi inavunjika.

Na gari likiinuliwa liwekwe kwenye stendi, si kwenye jeki peke yake. Shika gurudumu juu na chini, litikise. Lizungushe kwa mkono mmoja huku mkono mwingine umeshika springi: mkwaruzo unaupata kwenye kiganja kabla sikio halijaupata. Lakini gurudumu lisipocheza, usilitangaze kuwa zima. Ile beringi yetu haikucheza hata kidogo.

Nirudi kwa fundi. Kwetu fundi hulipwa kwa kufunga. Akikaa nusu siku akisikiliza, akiendesha mpaka Dumila na kurudi, kisha akasema tatizo ni matairi yahamishwe, mwenye gari anauliza, "Sasa nikulipe nini, hujafunga kitu?" Hospitalini tunalipa kumwona daktari kabla hatujajua dawa, na hakuna anayedai fedha yake akiambiwa hana malaria. Fundi naye anajua kwamba kusikiliza hakumletei unga nyumbani, kwa hiyo anafanya kinachomletea: anataja spea. Mimi simlaumu sana. Sisi wateja ndio tumemfundisha kwamba kubahatisha kunalipa. Kwa hiyo mkubaliane bei ya uchunguzi kabla hajaingia kwenye gari, iwe peke yake, na kama spea itahitajika iwe hesabu nyingine. Na spea mbovu iliyotolewa udai kuiona: zungusha beringi ile kwa vidole, uisikie mwenyewe.

Kwa walimu wa ufundi, pale VETA Kihonda na vyuo vingine, ombi langu ni kwamba mwanafunzi apelekwe barabarani na gari linalolia kabla ya kupewa difu ya kufungua mezani. Aandike anachosikia, aseme kwa nini, ndipo ashike spana. Kijana akijua kutofautisha difu na beringi akiwa kwenye kiti cha abiria, atakuwa amewaokolea wateja wake fedha nyingi na pengine maisha.

Nanyi wenye magari ya kulala safarini mnaojiandaa kwenda Nyandira au Kisaki: kama gari linalia likifika 80, msilipandishe mlima kabla halijapimwa. Fanyeni jaribio la kuachia mafuta na la kuyumbisha, pimeni matairi kwa kiganja, angalieni oili ya difu, na habu zote nne ziguswe na fundi mnayemwamini. Asubuhi moja inatosha kwa kazi hiyo. Mboga za Mgeta zipo, na milima haiendi popote.